Mbavu Tatu za Bawa la Kulia

Mwaka mmoja umetimia leo, Mzee wangu, tangu alasiri ile ulipoweka msasa juu ya dirisha, ukasema unapumzisha macho kidogo, na hukuyafumbua tena. Chai niliyokuletea ilikuwa bado inatoa mvuke. Nilidhani unanitania, maana ulikuwa na tabia hiyo ya kujifanya umelala ili nisikutume dukani.

Binti yetu muuguzi aliniambia tangazo la kumbukumbu huwa fupi: picha, tarehe, majina, basi. Nikamwambia nina neno la kusema na baba yake, na wapo watu ninaotaka walisikie. Akasema, "Haya Mama, wewe andika, mimi nitanakili." Basi nimeandika. Nimechoka, lakini nimeandika.

Ulikuwa fundi wa vitanda vya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Vitanda, vigari vya kusukumia wagonjwa, viti vya magurudumu, vyuma vya kutundikia dripu, vyote vilipita mikononi mwako. Na kila kitanda ulichokitengeneza ulikilalia kwanza wewe mwenyewe. Ulivua viatu, ukapanda, ukageuka kulia, ukageuka kushoto, ukamwita mtu azungushe mkono wa chuma ainue kichwa chako. Wauguzi wakipita karakana walikuuliza, "Fundi, leo umelazwa tena?" Nawe ukajibu, "Namsubiri daktari." Ulisema si haki mgonjwa awe wa kwanza kukijaribu.

Nyumbani ulikuwa vilevile. Mlango wa jirani ukilia, ulikuwa huko na mafuta kabla jirani mwenyewe hajaamka. Miwani yako uliifunga kwa waya. Penseli uliitafuta nyumba nzima na huku iko sikioni. Sukari ulidai unaweka vijiko viwili, na mimi mwenye kuosha kikombe najua vilikuwa vitatu.

Halafu kulikuwa na ndege.

Niliwaambia wenzangu kwamba mke mwenzangu ni wa mbao. Uliianza mwaka uliostaafu, kwa michoro uliyoikuta katika kitabu kilichochakaa: ndege ya watu wawili, ya mbao na kitambaa, ya namna iliyokuwa ikiruka kabla wewe hujazaliwa. Kiwiliwili kilikaa bandani. Mabawa uliyajengea sebuleni, kwa kuwa banda linavuja na mbao hazitaki maji. Miaka tisa nilikwenda chumbani kwangu kwa kupita upandeupande. Mgeni akija hatukumwambia "karibu kiti," tulimwambia "angalia bawa."

Asiyejua mambo haya nimweleze kidogo. Bawa lina mbavu, na mbavu zenyewe ni vijiti vyembamba vilivyoshikanishwa kwa vipande vidogo vya plaiwudi na gundi. Bawa moja lina mbavu kumi na nne. Kila ubavu una viungo kumi na viwili, na kila kiungo kinatakiwa kibanwe siku nzima gundi ikauke. Jiriwa za kubania hukuwa nazo za kutosha. Basi ulikuja jikoni kwa adabu zote, kofia mkononi kama mtu anayekuja kuposa, ukaniomba vibanio vyangu vya nguo.

Tukagawana wiki. Jumatano na Jumamosi vilikuwa vyangu, nifue nianike. Siku nyingine vilikuwa vyako. Tuliishi hivyo kwa amani, na nikienda kwenye kamba naona shati lako limeshikwa na kibanio chenye gundi, nacheka peke yangu.

Bawa la kulia lilipokamilika mifupa, tulilivika kitambaa na kulishona sisi wawili. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Tulilisimamisha katikati ya sebule, wewe upande ule, mimi upande huu, hatuonani. Sindano ilikuwa ndefu kama mkono wangu hadi kiwiko. Naichomeka, unaivuta, unafunga fundo, unairudisha.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Vuta basi."

Mwezi mzima wa alasiri tulizungumza maneno hayo matatu tu, na sikumbuki wakati tuliozungumza vizuri zaidi.

Bawa la kushoto lilibaki mifupa mitupu. Ulikuwa ukilipiga msasa siku ile.

Mwezi wa pili baada yako walikuja watu watatu, Jumamosi asubuhi, na masanduku ya vifaa. Kipara, mchomeleaji mwenzako wa karakana. Mwalimu, yule mama wa hesabu aliyekuwa akikusomea michoro macho yako yalipoanza kuchoka. Na Rubani, aliyerusha ndege za kunyunyizia mashamba dawa hadi akastaafu, na ambaye ulimwahidi ndiye atakayeirusha yako. Hakuna aliyewatuma. Kipara akasimama mlangoni.

"Shemeji, tumekuja kumalizia."

"Kumalizia nini?"

"Aliyoyaacha Mzee."

Sikuwa na nguvu ya kukataa wala ya kukubali. Nikawaambia, "Angalieni bawa." Wakapita.

Kila Jumamosi walikuja. Sitakuficha, walinichosha. Vumbi la msasa kwenye sufuria, harufu ya dawa ya kukazia kitambaa kwenye mapazia, Kipara na Mwalimu wanabishana tangu kikombe cha kwanza cha chai. Mwalimu alikuwa na penseli yake, na kila alipoitafuta moyo wangu ulikaa vibaya. Lakini kazi ilikwenda. Kiwiliwili kilipata magurudumu, injini ikafungwa, bawa la kushoto likawa tayari kuvikwa.

Mwezi wa tano akaja mkaguzi wa ndege, ambaye bila sahihi yake hairuki. Kijana mpole, ana tochi na kitabu cha kuandikia. Akalikagua bawa la kushoto, kila ubavu, akaminya kila kiungo kwa dole gumba. "Kazi safi sana," akasema, na Kipara akavimba kifua kana kwamba ni yake. Kisha akaligeukia bawa la kulia, lile letu, lililoegemezwa ukutani limeshonwa na kupakwa dawa.

"Na hili nani alilikagua kabla halijafungwa?"

"Alilikagua aliyelitengeneza," Kipara akajibu.

"Naye yuko wapi?"

Wote wakaangalia chini. Ikabidi niseme mimi. "Ametangulia, mwanangu."

Akavua kofia. "Pole sana, Mama. Lakini itabidi lifunguliwe. Siwezi kutia sahihi kitu ambacho sijakiona ndani."

Nikamwambia hilo halifunguliwi. Kama ana hamu ya kufungua, kuna kabati langu pale, kuna masanduku, afungue. Bawa hili hapana. Mafundo yako yalikuwa mle, Mzee wangu, yamelalia upande wa mkia yote, yamekaza, hakuna hata moja lililolegea. Nikipita kwenda chumbani nilikuwa nayagusa kwa vidole. Ndiyo mkono wako uliokuwa umenibakia.

Miezi miwili nilikaa na neno langu hilo. Kipara alikuwa upande wangu. "Nimefanya kazi na Mzee miaka ishirini na sita," alisema. "Sijaona kiungo chake kikiachia. Huyu mtoto na tochi yake atatufundisha nini?"

Mwalimu akamjibu, "Na mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini, Kipara. Na niliowapenda nao niliwasahihisha."

"Mzee hakuwa mwanafunzi wako!"

"Wala hakuwa malaika."

Rubani alikuwa akizungushazungusha kikombe.

Mwishowe yule mkaguzi akarudi, huruma imemzidi. Akasema amelifikiria. Rubani akiandika barua kwamba anakubali kuruka na bawa lile kama lilivyo, yeye ataandika kwamba ameliangalia kwa nje tu. Kipara akapiga makofi. Rubani hakuuliza hata swali moja. Akavuta kiti, akaomba kalamu, akainama kuandika.

Nikamtazama kisogo chake, mvi tupu. Nikakuona wewe unavua viatu unapanda kitandani ili mgonjwa asiwe wa kwanza. Nikaona haya, Mzee wangu, haya kweli kweli.

"Weka kalamu," nikamwambia.

Nikaleta mkasi wangu wa cherehani. Kipara akasema, "Shemeji, usifanye wewe, tutafanya sisi." Nikamwambia niliyeshona ndiye nitakayefumua. Nilikata fundo moja moja, tangu asubuhi hadi jua lilipogonga dirisha la pili. Kila fundo nililitia katika bakuli. Hakuna aliyebishana na mwenziwe siku ile.

Mkaguzi akaanza. Ubavu wa kwanza mzima, wa pili mzima, mpaka wa nane, sauti ya dole lake tu. Kwenye ubavu wa tisa akaminya, na kipande cha plaiwudi kikatoka, kikadondoka sakafuni. Akaminya kingine, kikatoka. Ubavu wa kumi vivyo hivyo. Wa kumi na moja vivyo hivyo. Wa kumi na mbili hadi wa mwisho, imara kama chuma. Mbavu tatu tu, zilizofuatana.

Rubani akaketi. Mkaguzi akasema kwa sauti ndogo, "Hili lingekunjika angani."

Kipara alitoka nje bila kuaga mtu. Nilimwona kupitia dirishani, ameegemea banda, mabega yanatikisika. Alidhani uzeeni mikono ya rafiki yake ilikuwa imemkataa na hakuna aliyejua.

Na mimi nilinyamaza. Nilijua tangu kipande cha kwanza kilipoanguka, nikanyamaza.

Sasa nisikilize, ndiyo maana ya kukaa na kalamu hii.

Unaikumbuka wiki ile ya mvua? Siku nne jua halikuonekana. Jumatano yangu ikapita sikuanika kitu. Alhamisi asubuhi, siku yako, ukagandisha mbavu tatu, wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja, ukazibana, ukavaa, ukaenda kliniki kupimwa presha. Hujafika hata njia panda, jua likatoka. Nina mashuka manne ndani ya beseni yameanza kunuka. Nikaangalia mbavu zako juu ya meza, nikagusa gundi kwa kidole, nikaona haing'ang'anii. Nikajiambia, si imekauka hii. Nikavichukua vibanio thelathini na sita, nikaanika. Alasiri nikavirudisha kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake, hata meno yake niliyapanga palepale kwenye alama yalizoacha.

Uliporudi uliinama juu ya meza, ukanusa. "Leo gundi yangu inanukia sabuni," ukasema, ukacheka.

"Ni mikono yangu," nikakujibu. "Nimefua."

Uongo haukuwemo humo, lakini ukweli wote nao haukuwemo. Ukaniamini. Hukuwa na sababu ya kutoniamini, miaka arobaini na mitatu.

Baada ya bawa kufunguliwa, wiki mbili nilikaa na hilo kama mtu aliyemeza kokwa. Nilikuwa nachoka kabla ya kuamka. Kisha binti yetu akaja kutoka kazini, akavua viatu, akasema, "Mama, karakana wanasema Baba uzeeni alikuwa amekwisha. Wanasema wanaanza kuangalia na vitanda alivyotengeneza mwisho mwisho."

Vitanda vyako. Vile ulivyovilalia.

Jumamosi iliyofuata niliweka kopo la vibanio katikati ya meza, nikawaambia wote watatu wakae. Nikasema yote, tangu mvua hadi sabuni. Mwalimu alianza kwa kuziba mdomo, akaishia kucheka mpaka akavua miwani.

Kipara hakucheka. "Shemeji. Yaani Rubani afe kwa ajili ya mashuka?"

"Mashuka manne. Na shati lake moja."

"Na umeniacha wiki mbili..." Akaketi juu ya ndoo, akajifunika uso. "Nimemsema marehemu. Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu, nimewaambia karakana nzima kwamba Mzee alianza kukosea."

"Basi nenda ukawaambie si yeye."

"Wataniamini? Watasema namfichia mwenzangu."

"Nitaandika mimi," nikasema. "Siku yake ikifika nitaandika mahali watakapopaona."

Na nyinyi wa karakana ya vitanda, nyinyi wauguzi, nyinyi majirani mliosikia, someni hapa. Zile mbavu tatu hakukosea yeye. Alizibana alivyotakiwa, kwa saa alizotakiwa. Aliyevua vibanio ni mimi mkewe, na hakuambiwa hadi anaingia kaburini. Vitanda vyake vilalieni bila wasiwasi.

Nimekuomba radhi kila asubuhi nikipita sebuleni. Leo nakuomba mbele ya watu.

Yaliyobaki ni machache. Mbavu zilitengenezwa upya. Kipara alikuwa amekuja na jiriwa za kuazima, nikamwambia azirudishe alikozitoa. Nikatoa vibanio vilevile, nikazibana navyo mwenyewe, kumi na viwili kila ubavu. Gundi ilitaka siku moja, mimi nikaipa tatu. Jua lilikuwa kali siku zote hizo, kama linanijaribu. Nguo zilikuwa ndani ya beseni.

"Mama," binti yetu akauliza, "hizi nguo ziko majini tangu juzi. Zitanuka."

"Acha zinuke."

Tukashona tena. Upande wako akakaa Kipara, na vidole vyake vile vinene vya kuchomelea. Alijichoma, akalaani, akaniomba msamaha, akalaani tena. Mafundo yake yanaangalia kila upande, mkaguzi alipoyaona alitabasamu. Mara ya kwanza nilipochomeka sindano nikasikia kutoka upande ule, "Nimepata, Shemeji." Sikuwa nimeuliza. Ilibidi nitoke nje kidogo, nikasingizia maji ya chai.

Wiki mbili zilizopita tuliipeleka kwenye uwanja wa nyasi. Karatasi ilikwishatiwa sahihi. Rubani alikuwa amevaa, anavuta glavu, nikamzuia.

"Leo huwi wa kwanza," nikamwambia. "Nipandisheni."

"Mama, presha yako," binti yetu akaanza.

"Presha yangu ninayo mimi."

Walinipandisha watatu, kama gunia. Nikavua viatu kwanza, nikamwachia Mwalimu ashike. Nilikaa kiti cha mbele, Rubani nyuma. Hatukupaa, usije ukadhani nimekuwa mwehu. Tulikimbia ardhini hadi mwisho wa uwanja na kurudi, mara tatu, kila mara kasi zaidi, mifupa yangu inagongana yote. Sikuangalia mbele hata mara moja. Nililitazama bawa la kulia. Nilihesabu kutoka kwenye kiwiliwili: wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Zilitulia.

Wakanishusha. Rubani akaondoka peke yake, na safari hii magurudumu yakaachana na nyasi. Kipara alikuwa anapiga kelele na kulia kwa pamoja. Mwalimu alikuwa anahesabu dakika kwa saa yake: kumi na moja. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, miguu mitupu, nimechoka mno hata kusimama. Niliiona ikipita juu yetu mara mbili. Ilikuwa nzuri, Mzee wangu. Ilikuwa haina mlio mbaya popote.

Sebule sasa ni tupu. Ninatembea moja kwa moja hadi chumbani, na bado nageuka upandeupande.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Binti yako muuguzi na mumewe. Mwanao dereva wa malori, aliyepiga simu kutoka njiani akataka nimsikilizishe mlio wa injini. Dada yako mkubwa, anayesema tangu utotoni ulikuwa hutulii. Na wajukuu wako wanne. Kipara, Mwalimu na Rubani nimewahesabu humu humu, wasitafute mahali pengine.

Mungu akulaze mahali pema, na kama kitanda cha huko kinalia, tunajua utakilalia kwanza.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Vibanio viko katika kopo lake, vyote thelathini na sita. Jumatano ni yako, Jumamosi ni yako. Nguo zitasubiri.